Je, Daktari Wetu Analipwa Haki Yake?

Katika jumuiya zetu za Masasi na Newala husikika maneno kama haya: "Udaktari ni wito, kwa nini wadai pesa?" Wengine hulalamika kwamba waganga wanajali fedha kuliko wagonjwa. Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana linagusa uhai wa akina mama na watoto wetu.

Eneo letu limezoea waganga wa kujitolea. Mwaka 1935 Daktari Leader Stirling alifika kutoka Uingereza akiwa mmisionari wa Kianglikana, akafanya kazi Lulindi. Mwaka 1949, baada ya kuingia Kanisa Katoliki, alihamia Mnero. Ndanda nako masista Wabenedikto walitibu watu kwa miaka mingi. Hawa hawakutafuta mshahara. Lakini tusisahau kwamba mtawa hulishwa, huvikwa na kutunzwa na shirika lake mpaka uzeeni. Daktari mwenye familia ana watoto wa kusomesha na wazazi wa kutunza. Naye pia ana wito, lakini wito haulipi karo.

Kanisa linafundisha nini? Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alieleza kuwa mshahara wa haki si ule tu uliokubaliwa na pande mbili. Ni lazima umwezeshe mfanyakazi kuishi inavyostahili. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuhimiza tumheshimu tabibu.

Mwaka 2012 taifa letu lilionja uchungu wa jambo hili. Madaktari waligoma wakidai, pamoja na mengine, mshahara wa kuanzia wa shilingi 3,500,000 kwa mwezi. Serikali ilisema haina uwezo huo. Mwezi Juni kiongozi wao, Daktari Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa vibaya na kutupwa katika msitu wa Pande. Katika mvutano ule, mgonjwa maskini asiye na nauli ya kwenda kwingine ndiye aliyekosa pa kukimbilia.

Huku kwetu mshahara peke yake hautoshi. Daktari akipangiwa Newala, huuliza pia kuhusu nyumba, maji, shule ya watoto, na kama atakuwa na mwenzake wa kupokezana naye usiku. Akiwa peke yake, kila uzazi mgumu ni wake. Hayati Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliliona jambo hili. Taasisi yake iliyoanzishwa mwaka 2006 ilipeleka waganga katika wilaya za mbali na kuwaongezea marupurupu ili wakae.

Hata hivyo, mshahara mdogo hauhalalishi rushwa. Mganga anayemdai mama mjamzito "chai" kabla ya kumhudumia anamnyang'anya mtu asiye na nguvu ya kukataa. Hiyo ni dhambi, hata kama mganga mwenyewe amedhulumiwa.

Sisi waamini tufanye nini?

1. Tulipe gharama halali na kudai stakabadhi. Fedha hiyo husaidia kuendesha hospitali.

2. Tujiunge na bima ya afya wakati wa mauzo ya korosho, fedha zikiwa bado mkononi. Tusingoje ugonjwa.

3. Tusitoe "chai", na anayeidai tumtaje kwa kamati ya zahanati au TAKUKURU.

4. Katika mikutano ya kijiji tuulize habari ya nyumba ya mganga na maji ya zahanati, kama tunavyouliza habari ya barabara.

Tunaweza kumdai daktari uaminifu, na ni haki yetu. Lakini naye ana haki ya kutudai, pamoja na serikali na Kanisa, maisha yanayomwezesha kuwa mwaminifu. Haki hizi mbili zikitengana, anayelipa ni mgonjwa.