Potasiamu Pamanganeti na Maji ya Mlima Meru

Miongoni mwa chumvi za manganizi, potasiamu pamanganeti ndiyo ijulikanayo zaidi katika maabara za shule. Fuwele zake ni za zambarau iliyokoza hata kukaribia weusi, na punje chache zatosha kutia rangi ndoo nzima ya maji.

Nguvu zake zatokana na elektroni. Manganizi iliyomo humo imo katika hali ya +7, nayo huzinyang'anya dutu nyingine elektroni. Katika asidi, kila ioni ya pamanganeti hupokea elektroni 5 na rangi hutoweka. Pasipo asidi wala besi hupokea 3, na kubakiza mashapo ya kahawia ya dayoksidi ya manganizi, ambayo ndiyo yatiayo madoa vidoleni.

Kwa tabia hiyo, chumvi hii hutumika kupima kiasi cha chuma katika myeyusho, kuondoa chuma katika maji, na kuua vijidudu. Waganga huitumia kuosha ngozi yenye vidonda vitoavyo majimaji, kwa kadiri ya gramu 1 katika lita 10 za maji.

Je, yaweza kusafisha maji ya kunywa ya mkazi wa Sombetini, Arusha? Maji mengi yapitayo katika miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo hutia meno ukahawia, na ikinywewa kwa wingi miaka mingi huharibu mifupa. Hapo pamanganeti haifui dafu, kwani hakuna elementi ishikiliayo elektroni kwa nguvu kuliko florini. Kuchemsha nako hakufai: maji hupungua, floraidi hukolea. Basi maji yaweza kuwa maangavu, yasiyo na kijidudu hata kimoja, na bado yakamdhuru mtoto.

Kifaacho ni mkaa wa mifupa, uliochunguzwa katika kituo cha Ngurdoto, karibu na mlima huohuo. Madini ya mfupa hupokea floraidi na kutoa haidroksidi badala yake.

Walimu wakumbuke kwamba fuwele za pamanganeti huunguza kinywa na koo zikimezwa, na zikikutana na gliserini huwaka moto zenyewe. Zihifadhiwe mbali na vitu viwakavyo, chupa iwe na jina lake.