Zaidi ya milioni mbili kwa usiku mmoja: mgeni wa Mahale analipia nini?

Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, kuna kambi ya kitalii iitwayo Greystoke Mahale. Ina mabanda sita tu ya wageni, yaliyojengwa kwa mbao za majahazi ya zamani. Mgeni mmoja hulipa zaidi ya dola 1,000 kwa usiku, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Mkulima wa tumbaku wa Urambo akisikia bei hiyo lazima ashangae.

Sehemu kubwa ya fedha hiyo si ya kitanda, ni ya kufika. Watu wa Tabora wanalijua jambo hili tangu enzi za misafara. Kitambaa kilichotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kilipita hapa kwetu mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, karibu kilo 32, na kila kituo bei ilipanda. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wakakosa kazi. Lakini Mahale iko kama kilomita 120 kusini mwa Kigoma, na ndani ya hifadhi watalii hawatembezwi kwa gari. Ni miguu na boti. Mgeni huja kwa ndege ndogo, kisha boti kwa kama saa moja na nusu. Mchele, dizeli na godoro navyo vinasafirishwa hadi huko. Masika ikikolea kambi hufungwa, ila majengo bado yanahitaji kutunzwa.

Wageni wanawafuata sokwe. Mwaka 1965 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi ya kuwazoesha sokwe hao kuona watu, na kazi hiyo ilichukua miaka. Kundi linalotembelewa leo lina sokwe kama 60 tu. Ndiyo maana watu huingia wachache wachache, wanakaa nao saa moja, wanavaa barakoa na kusimama mbali kidogo. Mafua yetu ni hatari kwao: mwaka 2006 ugonjwa wa aina hiyo uliingia katika kundi hilo na baadhi wakafa. Ukiwa na kikohozi hupelekwi, hata uwe umelipa kiasi gani.

Kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1985, milima hiyo ilikuwa makazi ya Watongwe. Waliondolewa, na sasa wako vijiji vya nje. Je, wanapata nini? Kiingilio cha hifadhi hakigawiwi kijijini, kinaingia serikalini. Vijiji jirani husaidiwa na TANAPA kupitia miradi ya ujirani mwema, kama madarasa na zahanati, na kambi huajiri baadhi ya vijana. Halmashauri nayo hutoza ushuru wa huduma kwa biashara zilizo katika eneo lake. Huo ndio wa kuuulizia kwenye mkutano: umekusanywa kiasi gani, na umefanya nini? Kwa maoni yetu, swali hilo lina faida kuliko kulalamikia bei ya kitanda.

Kwa wenzetu wa Ipole na Uyumbu, hapa mkoani Tabora, utaratibu ni tofauti. Hizo ni jumuiya za hifadhi za wanyamapori, ardhi ni ya vijiji, na vijiji wanachama vina haki ya mgawo wa mapato. Mwanakijiji anaweza kudai asomewe hesabu.

Na ukitaka kuwaona sokwe mwenyewe? Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiwango kidogo mno kuliko dola 80 anazotozwa mgeni kwa siku kabla ya kodi. Panda treni Tabora hadi Kigoma, kisha tafuta boti ya kuelekea kusini. TANAPA wana mabanda yao ya kulala Kasiha, ya kawaida tu. Piga simu ofisi ya hifadhi kwanza, upate bei za sasa na siku za boti. Chukua chakula chako.