Kabla Fundi Hajafomati Kompyuta ya Duka

Kama kompyuta ya duka lako bado ina Windows 10, pengine umeshazoea ule ujumbe wa kukuambia kwamba muda wa mfumo huo umeisha. Unaubonyeza upotee, kisha unaendelea kushusha taarifa ya till na kuangalia stoo. Kompyuta inafanya kazi tu. Sasa shida iko wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta hazikuzima siku hiyo. Lakini wezi wakigundua tundu jipya kwenye mfumo huo, hakuna kiraka kitakachokufikia, isipokuwa uwe umejisajili kwa muda wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi uliwekwa hadi Oktoba 2026. Na matundu hayo si hadithi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai malipo, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimewekwa kiraka hicho.

Sisi ni watu wa pesa za simu, lakini jambo hili linatuhusu. PIN yako unaibonyeza kwenye simu. Ukurasa wa biashara, ule wa kuona malipo ya till na kuhamisha pesa kwenda benki, wengi wenu mnaufungulia kwenye kompyuta na nenosiri mnalichapa kwa kibodi. Programu ya wizi ikijificha humo inasoma kila herufi unayogusa.

Uhamie wapi?

Njia ya kwanza ni Windows 11. Inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Hapa ndipo Wakenya wengi tunakwama, kwa sababu zile mashine za Ex-UK tulizonunua kwa bei nzuri mara nyingi ni za kizazi cha 6 au cha 7. Angalia jina la prosesa kwenye sehemu ya mipangilio. Core i5-6300U ni kizazi cha 6, kwa sababu tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6. Core i5-8250U ni kizazi cha 8. Kuna mafundi watakaokuambia wanaweza kuipitisha Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Ni kweli inawezekana, ila Microsoft haiahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama.

Njia ya pili ni Linux. Watu wakisikia jina hilo wanaogopa, na bado simu ya Android waliyoshika mkononi inaendeshwa na kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Finland mwaka wa 1991. Kuna matoleo mengi. Ubuntu, lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, lilitoka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Kwa mtu aliyezoea Windows mimi ningependekeza Linux Mint, maana menyu yake iko pale pale chini kushoto ulipozoea. Inatosheka na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya GB 20. Ni ya bure. Fundi akikutoza, unalipia kazi yake na bando. Akikudai pesa za leseni, muulize leseni gani.

Lakini usikubali kuambiwa kila kitu kitafanya kazi. Programu ya mauzo iliyotengenezewa Windows huenda isifunguke. QuickBooks ya kusakinishwa haina toleo la Linux. LibreOffice inafungua faili za Excel vizuri, ila zile zenye makro nyingi zinaweza kugoma, kwa hivyo kama unajaza fomu za ushuru za aina hiyo, zijaribu mapema, si usiku wa tarehe 30 Juni. Uzuri ni kwamba Linux Mint unaweza kuijaribu bila kugusa diski. Inawekwa kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo (kwenye Dell na Lenovo unabonyeza F12 inapowaka, kwenye HP ni F9), na unazunguka humo utakavyo. Jaribu printa. Jaribu Wi-Fi. Ingia kwenye ukurasa wako wa biashara. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows yako iko vile vile.

Hesabu zako zitoke kwanza

Nitawaambia kilichonipata. Dadangu ana duka la vifaa vya ujenzi na mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea hesabu. Tulipohamisha kompyuta yake, nilinakili folda ya Documents nikaridhika. Fundi akafomati. Jioni ndipo nikakumbuka kwamba faili ya madeni nilikuwa nikiifungua kutoka Downloads na kuihifadhi huko huko. Taarifa za till tuliziomba upya tukazipata. Lakini kando ya malipo nilikuwa nimeongeza safu yangu mwenyewe: nani amechukua simiti, mifuko mingapi, amebakisha ngapi. Hiyo hakuna ofisi unayoweza kwenda kuiomba. Wengine walikuja wenyewe wakasema deni lao. Wengine mpaka leo wanapitia barabara ya pili.

Kwa hivyo kabla diski haijaguswa, nakili Documents, Desktop, Downloads na Pictures, zote, kwenye diski ya nje au flashi kubwa. Programu ya hesabu au ya mauzo ina mahali pake pa kutoa nakala rudufu, ndani ya menyu yake. Tumia hapo. Ukinakili ile alama ya kwenye Desktop umebeba picha ya mlango tu, vitu vimebaki ndani ya nyumba. Kisha peleka flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili tatu au nne, pamoja na taarifa moja inayohitaji namba ya kuifungua. Zikifunguka, ndipo useme umehifadhi.

Maneno ya siri ambayo kivinjari kimekuwa kikikukumbushia yatapotea pia kama hujayahifadhi kwenye akaunti. Mengi hata huyajui tena. Yapitie kwenye mipangilio ya kivinjari na uyaandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, si chini ya kaunta. Hakikisha pia laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho za ukurasa wa biashara bado iko hai na iko mikononi mwako. Tumewaona watu wanaohama vizuri kabisa, halafu namba inatumwa kwa laini ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka jana.

Kama fundi ndiye atakayefanya kazi, keti naye. Hahitaji PIN yako wala namba iliyotumwa kwa simu yako, hata kama anasema ni ya kujaribu tu. Akaunti zifungue mwenyewe baada ya yeye kumaliza, kisha ubadilishe nenosiri la ukurasa wa biashara siku hiyo hiyo. Diski ya zamani ikitolewa, irudi nawe nyumbani.

Neno moja kwa watakaoweka Windows na Linux pamoja kwenye mashine moja. Linux huhifadhi saa ya kompyuta kwa saa ya dunia, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Utawasha Windows saa nne asubuhi na risiti itachapwa saa moja, na kesho yake unalinganisha risiti na taarifa ya till huelewi kitu. Fungua Linux, ingia kwenye Terminal, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha uwashe upya. Saa zitapatana.