Mzigo uliofika mara mbili ni amana, si bahati

SIFA njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W), aliyejulikana kwa watu wa Makka kwa jina la Al-Amin, yaani Mwaminifu, hata kabla ya kupewa utume.

Ndugu msomaji, biashara za siku hizi zimeingia majumbani. Mama wa Mbagala huuza mabaibui akiwa sebuleni kwake, na kijana wa Tandika huuza viatu alivyochukua Kariakoo, wateja wakiviona kwenye WhatsApp au Instagram. Mzigo hupelekwa kwa bodaboda hadi Tegeta au Mwananyamala, na malipo hupita kwenye simu au hutolewa mkononi mzigo unapofika.

Ndani ya urahisi huo umo mtihani usiozungumzwa sana: mteja aliyeagiza baibui moja huletewa mawili. Chanzo huwa kidogo tu. Mtandao ukisumbua, mteja hutuma oda mara ya pili. Au mama na binti wanaotumia simu moja ya biashara, kila mmoja humkabidhi dereva wake mzigo bila ya kuambizana.

Hasara yake si ndogo. Tuchukulie baibui limenunuliwa kwa sh. 30,000 na linauzwa sh. 35,000. Likipotea moja, faida ya mabaibui sita imekwenda nalo. Kwa mjane anayesomesha watoto kwa mtaji wa laki mbili, hilo ni pigo.

Mali ni ya nani?

Mzigo wa ziada haujawa mali ya mteja, kwani hapakuwa na mauziano wala zawadi iliyokusudiwa. Ni amana mkononi mwake. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na Mtume (S.A.W) alipohama Makka mwaka 622, alimwacha nyuma Sayyidna Ali (R.A) arudishe amana za watu wa mji ule, nao ndio waliokuwa wakimfanyia uadui. Ikiwa watu wa namna hiyo walirudishiwa chao, seuze jirani yako wa Temeke?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya nchi yetu nayo haiko mbali. Mnunuzi aliyeletewa zaidi anaweza kuchukua alichoagiza na kukataa ziada, au kukataa vyote. Akichukua vyote, atalipa kwa bei ileile waliyokubaliana.

Wajibu wa muuzaji

Muuzaji naye ana mipaka. Kwanza afungue daftari lake ahakikishe, asije akamtuhumu mtu kwa dhana. Kisha apige simu kwa upole, aombe radhi, na ampe mteja hiari: arudishe kwa nauli ya muuzaji, au anunue kwa ridhaa yake. Ikiwa nauli inazidi thamani ya kitu chenyewe, amwachie kiwe hadiya, naye atapata thawabu. Kumlazimisha kununua hakufai, na kumtangaza kwenye makundi ya simu ni kumvunjia heshima.

Lililo zito zaidi ni pale dereva anapoupeleka mzigo wa pili, na bibi aliyebaki nyumbani akaulipia bila kujua kuwa wa kwanza umekwishalipiwa. Fedha hiyo haimhalalikii muuzaji mpaka mteja aambiwe na kuridhia, hata kama mteja mwenyewe hajagundua. Asipopatikana baada ya kutafutwa kwa bidii, wapo wanachuoni waliosema itolewe sadaka kwa niaba yake. Na akitokea baadaye akaidai, alipwe.

Kinga ni kuandika

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahimiza kuandika madeni. Muuzaji wa nyumbani na achukue somo hapo. Kila oda ipewe namba moja, na namba hiyo iandikwe juu ya mfuko. Oda mbili zinazofanana kutoka simu moja zisitoke kabla ya mteja kuulizwa. Mtu mmoja ndiye amkabidhi dereva, na aweke alama daftarini papo hapo.

Enyi wazazi, watoto wetu wanatutazama mfuko wa pili unapogonga hodi. Tukiurudisha, tumewafundisha uaminifu bila ya ubao wala chaki. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.