Urna wa Ordos na Amana ya Nyimbo

Wimbo mrefu, au urtiin duu kama Wamongolia wenyewe wauitavyo, haukupewa jina hilo kwa wingi wa beti zake, maana aghalabu maneno yake ni machache mno, bali kwa kuwa kila silabi hunyoshwa na kupindwapindwa ndani ya pumzi moja, bila ya pigo la ngoma la kuihesabia, hata kalima moja ikamchukua mwimbaji kutoka sauti nzito ya kifuani mpaka ile nyembamba ya juu kabisa. Ni uimbaji wa wachunga farasi na kondoo, watu wa nyanda zisizo miti wala kuta za kuizuia sauti. Na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa wanadamu, kwa ombi la pamoja la Mongolia na China, maana Wamongolia wako pande zote mbili za mpaka.

Upande wa China, katika kiwiko kikubwa cha Mto Manjano, ndiko iliko Ordos, alikozaliwa Urna Chahar-Tugchi katika jamaa ya wafugaji. Nyimbo zake za kwanza alizipokea kwa wazee wake, na hususan kwa bibi yake. Baadaye akaenda Shanghai, mji ambao lugha yake si ya mama yake, akajifunza chuoni yangqin, ala ya nyuzi nyingi mithili ya kanuni ya taarabu, ila hii hugongwa kwa vijiti vyembamba badala ya kudonolewa. Kisha akahamia Ujerumani. Na katika santuri zake, kama vile Hödöö ya 1999, mahadhi ya kale ya Ordos huandamana na nyimbo alizozitunga mwenyewe, ilhali katika Amilal aliimba pamoja na wapiga ngoma wa Kiajemi wa nasaba ya Chemirani.

Wako wadhanio kwamba mchanganyiko wa namna hiyo huharibu asili. Kwao ninaitaja filamu ya Byambasuren Davaa ya mwaka 2009, ambamo Urna huonekana akisafiri kwenda Ulaanbaatar na kipande cha mti mkononi: shingo na kichwa cha farasi kilichochongwa, mabaki ya morin khuur, yaani zeze la Kimongolia, ya bibi yake iliyovunjwa katika zama za Mapinduzi ya Utamaduni. Juu ya shingo hiyo yamechorwa maneno ya wimbo wa farasi wawili wa Genghis Khan, lakini si yote. Basi fundi huiundia ala ile sanduku jipya na kuifunga nyuzi zake mbili za singa za farasi, huku Urna akizunguka mbugani, hema kwa hema, akiwauliza wazee beti zilizopotea.

Nami naona kazi yake yote imo katika ala ile. Shingo ya kale peke yake, japo ina heshima na maandishi ya wahenga, haitoi sauti. Na sanduku jipya lisilo shingo halina mahali pa kufungia uzi. Atungaye wimbo mpya kwa mahadhi aliyoachiwa na bibi yake ameirudishia amana hiyo kifua cha kulilia, na hapo ndipo beti zilizonyamaza husikika tena.