Sinema za Anga za Bei Chee

Filamu ya kuchekesha ya bunilizi za kisayansi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo hujitambulisha mapema. Chombo cha angani kinayumba kwa uzi, usukani wake umeokotwa kwenye vyuma chakavu, na kiumbe aliyesafiri kutoka sayari ya mbali ana zipu mgongoni. Filamu za namna hii zilishamiri kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980, hasa Marekani, na bado zina wapenzi wake. Anayezifurahia hutazama mambo mawili kwa wakati mmoja: hadithi yenyewe, na mbinu za watu waliotaka kuonesha mwisho wa dunia huku mfukoni hawana kitu.

Si kila kicheko kilikusudiwa. *Plan 9 from Outer Space* ya Ed Wood, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, ilitengenezwa kwa nia ya kutisha. Nyota wake, Bela Lugosi, alikuwa amefariki mwaka 1956 akiacha vipande vichache tu vya picha, basi nafasi yake ikajazwa na mtu mrefu kumzidi, ambaye sura hawakufanana hata kidogo, akawa anapita mbele ya kamera kajifunika uso kwa joho. Huko Uturuki, *Dünyayı Kurtaran Adam* ya mwaka 1982 ilichukua picha za vita vya angani kutoka *Star Wars* bila kuomba ruhusa na kuzichomeka nyuma ya shujaa wake. Hizo huchekesha kwa bahati. Zilizo tamu zaidi ni zile ambazo watengenezaji wake walijua wazi kwamba hawana fedha, wakaugeuza ukata huo kuwa sehemu ya mzaha.

*Dark Star* ndiyo mfano bora. Ilianza mwaka 1970 kama kazi ya wanafunzi wawili wa University of Southern California, John Carpenter na Dan O'Bannon, ikafika kwenye majumba ya sinema mwaka 1974 baada ya kugharimu takriban dola 60,000. Wanaanga wake wamekaa angani miaka 20 wakilipua sayari zisizo imara. Wamechoshana, nywele zimewarefuka, na karatasi za chooni zimewaishia. Kiumbe wa ajabu wanayemfuga ni mpira wa kuchezea ufukweni, uliojazwa hewa, ukapakwa rangi na kufungiwa miguu yenye makucha. Hakuna jitihada yoyote ya kuficha kwamba ni mpira. Sajini Pinback, ambaye ni O'Bannon mwenyewe, anaukimbiza chomboni kote hadi anajikuta ananing'inia chini ya lifti, na kadiri anavyoteseka ndivyo mtazamaji anavyousahau uplastiki wake.

Kilele cha filamu hiyo hakikuhitaji hata mpira. Bomu namba 20, lenye akili na sauti ya upole, limekwama chini ya chombo na linasisitiza kulipuka kama lilivyoagizwa. Luteni Doolittle anatoka nje kulihoji: lina uhakika gani kwamba agizo lile lilitolewa kweli, ikiwa yote linayoyajua yamelifikia kupitia mitambo yake? Bomu linashangaa, linarudi mahali pake kutafakari, kisha linafikia uamuzi kwamba hakuna kilichopo duniani isipokuwa lenyewe. Linalipuka. Mjadala kama huo haugharimu chochote kuuandika, na ni vigumu kutaja filamu ya mamilioni iliyouchekesha ulimwengu wa falsafa kwa kiasi hicho. Watazamaji wa wakati ule hawakucheka sana. O'Bannon akaona heri amtumie kiumbe aliyejificha chomboni kutisha watu. Matokeo yake ni *Alien* ya mwaka 1979.

Nyingine zina visa vyake. Roger Corman alipiga sehemu kubwa ya *The Little Shop of Horrors* (1960), hadithi ya mmea unaokula watu, kwa muda wa siku mbili akitumia mandhari yaliyokuwa yamekwisha kujengwa studio. Katika *Attack of the Killer Tomatoes* (1978), helikopta ilianguka kweli wakati wa kupiga picha. Waliokuwemo wakanusurika, na ajali ikaachwa ndani ya filamu. Peter Jackson wa New Zealand, kabla hajajulikana, alitumia mwisho wa wiki kwa takriban miaka minne kutengeneza *Bad Taste* (1987), inayohusu viumbe wa anga wanaowinda binadamu kwa ajili ya biashara ya chakula. Vinyago vyao vilikaushwa katika jiko la mama yake. Ina damu nyingi, na haifai kuwekwa mbele ya watoto.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki anaziingia filamu hizi akiwa na ujuzi ambao wengine hawana: amezoea sinema yenye msimulizi. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuziongezea chumvi. Kenya ina DJ Afro, Uganda ina wasimulizi wake waitwao ma-VJ, na Rwanda ina agasobanuye, yaani filamu zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda, ambazo Mrundi hazimpi shida kwa sababu Kinyarwanda na Kirundi husikilizana. Musaga, mtaa ulio kwenye miinuko ya kusini mwa Bujumbura, uko mahali ambapo Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana, na sinema iliyosimuliwa inaweza kuufikia kutoka pande zote. Msimulizi humsuta mhusika mjinga, humpa jambazi jina la mtaani, hucheka kabla ya wengine. Filamu ya bei chee ndiyo inayomfaa, kwani ina mapengo mengi ya kujaza.

Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyaona mapengo hayo kuwa mali. Alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, jina likiunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 si filamu ya anga, ila ina kila kitu cha jamii hiyo: bunduki za vyuma chakavu zilizoundwa na fundi Dauda Bisaso, helikopta za kompyuta zinazoteketeza Kampala, na kompyuta yenyewe aliyoiunganisha Nabwana kwa mikono yake. Juu ya yote ni VJ Emmie, asiyenyamaza. Aliyemuua Kapteni Alex hajulikani hadi mwisho, na hakuna anayelalamika.

Burundi ilianzia kwenye kichekesho: *Gito l'ingrat* ya Léonce Ngabo (1992), filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo, inamhusu msomi anayerudi kutoka Paris akitarajia kuwa waziri. Bunilizi ya kisayansi ilikuja baadaye. *Neptune Frost* (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ambayo si kichekesho, inatokea katika vilima vya Burundi ingawa ilipigwa Rwanda. Mavazi yake yameshonwa kwa mabaki ya kompyuta, na hapo inafanana na mpira wa Carpenter.

Kwa anayeanza, *Dark Star* inatosha, dakika 83 tu. Itazamwe na watu watatu au wanne, si peke yako, na mmoja wao awe na mdomo. Maneno ya Kiingereza yasiwe kikwazo: sauti ikipunguzwa na msemaji wa kundi akaanza kutafsiri kwa kubahatisha, bomu namba 20 linaweza kubishana kwa Kirundi.