KADI YA PICHA NA HESABU ZAKE

Mtu aendaye dukani kununua jembe hulishika mkononi, akaligonga kwa kidole, akasikiliza mlio wake, akautazama na ukingo wa chuma. Akiwa mkulima hadanganyiki upesi, maana macho na masikio yake humwambia kama jembe ni zuri au ni baya. Lakini viko vyombo ambavyo macho na masikio hayawezi kuvipima. Kimojawapo ni kadi ya picha, yaani ubao mdogo utiwao ndani ya kompyuta. Kadi mbili zaweza kufanana umbo, na jina, na hata rangi ya kisanduku, na huku moja ina uwezo mkubwa kuliko ya pili. Mnunuzi hana njia ya kuzipambanua ila kusoma hesabu zilizoandikwa juu ya kisanduku. Asiyeweza kuzisoma hununua mbuzi katika gunia, na fedha aliyoikusanya mwaka mzima yaweza kupotea siku moja.

1. Kazi ya kadi

Picha ionekanayo katika kioo cha kompyuta haikuchorwa kwa mistari kama picha ya kalamu. Imefanywa kwa vitone vidogo sana, vilivyopangwa safu kwa safu kama punje katika gunzi la hindi. Vioo vingi vya siku hizi vina vitone 1,920 kwenda upande, na vitone 1,080 kwenda chini. Mwanafunzi akizidisha ataona ya kuwa jumla yake ni vitone 2,073,600, na kila kimoja chapasa kupewa rangi yake. Tena, kama picha ni ya kitu kiendacho, mfano wa mpira uliopigwa au ndege arukaye, yapasa ichorwe upya mara nyingi katika kila sekunde, na desturi ni mara 60. Basi katika sekunde moja, ambayo ni muda wa kutamka maneno mawili au matatu tu, rangi za vitone 124,416,000 zapasa kutafutwa na kuwekwa mahali pake.

Kila kompyuta ina prosesa, nayo ndiyo iongozayo kazi zote. Prosesa ni kama mwalimu hodari awezaye kufanya hesabu ngumu. Lakini mwalimu huyo akipewa hesabu rahisi elfu moja azifanye peke yake, jua litatua kabla hajamaliza. Wakipewa watoto mia tano, kila mtoto hesabu mbili, kazi itakwisha kwa muda mfupi. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kutafuta rangi za vitone ni kazi ya namna hiyo: hesabu si ngumu, ila ni nyingi mno. Kwa hiyo mafundi walitengeneza prosesa ya pili yenye watenda kazi wadogo wengi, wakaiweka katika ubao wake, na ubao huo ndio kadi ya picha. Mwaka 1999 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa kadi iitwayo GeForce 256, ikaipa prosesa yake jina la GPU, yaani prosesa ya picha. Hesabu za kugeuza maumbo na kutia mwanga, ambazo watu wengi waliiachia prosesa kuu, zikafanywa ndani ya kadi yenyewe.

2. Viini na mapigo

Wale watenda kazi wadogo huitwa viini. Kadi ndogo iitwayo GT 1030, iliyotolewa mwaka 2017, ina viini 384. Kadi iitwayo RTX 3060, iliyotolewa mwaka 2021, ina viini 3,584. Karibu na idadi ya viini huandikwa hesabu ya mapigo. Viini hufanya kazi kwa kufuata mapigo, kama wavuta kamba wafuatavyo wimbo wa kiongozi wao. Wimbo ukienda mbio, na kazi huenda mbio. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde.

Walakini yafaa kujihadhari hapa. Watoto mia wa darasa la kwanza si sawa na watoto mia wa darasa la saba, ingawa idadi yao ni moja. Vivyo hivyo viini vya kadi ya zamani si sawa na viini vya kadi mpya, wala viini vya kampuni moja havilingani na viini vya kampuni nyingine. Idadi ya viini yafaa kulinganisha kadi za kampuni moja na za kizazi kimoja. Zaidi ya hapo yaweza kumpoteza mtu.

3. Ghala la kadi

Watenda kazi huhitaji ghala la kuwekea vifaa vyao. Ghala la kadi huitwa memori, nayo hupimwa kwa gigabaiti. Gigabaiti moja ni baiti bilioni moja. Kitone kimoja kwa desturi huchukua baiti 4, na kwa hiyo picha moja ya vitone 2,073,600 huchukua baiti 8,294,400. Hizo si nyingi. Lakini ndani ya ghala huwekwa vitu vingine pia, kama vile maumbo ya watu na nyumba, nyuzi za nguo zao, maganda ya miti na mawe ya njia. Hivi ndivyo vijazavyo ghala. Likijaa, kadi hulazimika kwenda kuazima nafasi katika memori ya kompyuta, ambayo iko mbali na njia yake ni nyembamba. Ndipo picha inapoanza kwenda kwa kukwamakwama.

Ukubwa wa ghala si jambo la michezo tu. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto walitaka kuifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha. Walitumia kadi za GTX 580, na kila kadi ilikuwa na gigabaiti 3 tu. Kazi yao haikuenea katika ghala moja, basi waliigawa katika kadi mbili, na mafundisho yakachukua siku tano au sita. Programu yao iliwashinda wenzao wote kwa mbali katika mashindano ya mwaka ule. Tangu hapo kadi za picha zimekuwa vyombo vikuu vya kufundishia kompyuta.

Hata hivyo ghala kubwa peke yake halifanyi kadi kuwa bora. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina gigabaiti 12. RTX 3070 ya mwaka 2020 ina gigabaiti 8, lakini viini vyake ni 5,888, na katika kazi nyingi huipita ile yenye ghala kubwa. Muuzaji atajaye gigabaiti tu, akanyamaza juu ya mengine, ameeleza sehemu moja ya habari.

4. Njia ya kufikia ghala

Ghala laweza kuwa kubwa na limejaa, na huku wapishi wanakaa na njaa kwa kuwa wapagazi ni wachache au ni wazito wa miguu. Kwa hiyo yapasa kujua mambo mawili: njia ni ngapi, na kila njia hupitisha mzigo kiasi gani. Idadi ya njia huandikwa kwa biti, na mzigo wa kila njia huandikwa kwa gigabiti kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1. Basi kanuni yake ni hii: zidisha idadi ya njia kwa mzigo wa njia moja, kisha gawanya kwa 8. Jibu ni gigabaiti zipitazo katika sekunde moja.

Mfano wake ni kadi ya GT 1030. Ile iliyotolewa mwaka 2017 ilikuwa na memori ya namna ya GDDR5. Njia zake ni 64, na kila njia hupitisha gigabiti 6. Sitini na nne mara sita ni 384. 384 kwa 8 ni 48. Mwaka 2018 ilitoka nyingine yenye jina lile lile, viini 384 vile vile, na gigabaiti 2 zile zile. Lakini memori yake ni ya namna ya DDR4. Njia ni 64, ila kila njia hupitisha gigabiti 2.1 tu. Jumla ni 134.4, gawanya kwa 8, jibu ni 16.8. Basi katika sekunde moja ya kwanza hupata gigabaiti 48, na ya pili hupata 16.8, yaani zaidi kidogo ya theluthi. Jina ni moja, na tofauti imefichwa katika herufi chache juu ya kisanduku.

5. Jina si hesabu

Mambo kama hayo yametokea hata kwa kadi za bei kubwa. Mwezi wa Septemba 2014 Nvidia ilitoa kadi ya GTX 970 yenye gigabaiti 4. Baada ya miezi michache wanunuzi waliona ya kuwa kazi ikipita gigabaiti 3.5, kadi huwa nzito. Januari 2015 kampuni ilieleza ya kuwa ghala lile limegawanyika: gigabaiti 3.5 zina njia ya kasi, na nusu gigabaiti iliyobaki ina njia ya polepole. Ikasema tena ya kuwa baadhi ya hesabu zilizotangazwa hazikuwa sahihi, kwa sababu mafundi na watangazaji wake hawakuelewana. Watu wakapeleka shauri mahakamani huko Marekani, na mwaka 2016 kampuni ilikubali kuwalipa wanunuzi dola 30 kwa kila kadi. Kosa hilo halikugunduliwa na wakubwa. Liligunduliwa na watu wa kawaida walioketi mbele ya kompyuta zao, wakapima, wakalinganisha waliyoyaona na yaliyoandikwa.

Mwezi wa Septemba 2022 kampuni hiyo ilitangaza kadi mbili kwa jina moja la RTX 4080. Moja ilikuwa na gigabaiti 16 na viini 9,728; ya pili ilikuwa na gigabaiti 12 na viini 7,680. Watu walinung'unika, wakisema ya kuwa mnunuzi atadhani tofauti ni ghala tu. Tarehe 14 Oktoba kampuni iliiondoa ile ndogo kabla haijauzwa, na Januari 2023 ikaitoa kwa jina jingine, RTX 4070 Ti. Manung'uniko ya watu wanaojua kusoma hesabu yana nguvu. Ya watu wasiojua hayasikiki, kwa kuwa wao hawajui hata kama wamepunjwa.

6. Umeme na nafasi

Hesabu ya mwisho ni ya umeme, nayo huandikwa kwa wati. Watu wengi huisahau, kisha hujuta. Tundu la kompyuta liingiamo kadi huweza kuipa wati 75, basi. Ile GT 1030 ya kwanza hutumia wati 30, kwa hiyo haihitaji waya mwingine. RTX 3060 hutumia wati 170, nayo yapasa kupewa umeme zaidi kwa waya utokao katika kisanduku cha umeme cha kompyuta. Waya wenye pini 6 hupitisha wati 75, na wenye pini 8 hupitisha wati 150. Kama kisanduku cha umeme ni kidogo, au hakina waya huo, kadi haitafaa, hata ikiwa ni nzuri namna gani.

Vile vile yafaa kupima urefu wa kadi na nafasi iliyomo ndani ya kompyuta, na kutazama kama tundu za kadi zalingana na waya wa kioo. Kununua kadi isiyoingia ni kama kununua mlango kabla ya kupima kizingiti.

7. Namna ya kuchagua

Basi mwenye busara haanzi na kadi. Huanza na kazi. Hujiuliza, kompyuta hii ni ya kuandikia barua, au ya kuchorea nyumba, au ya kutengenezea sinema? Kwa barua, picha zitolewazo na prosesa nyingi za siku hizi zatosha, wala hapana haja ya kununua kadi. Kama kadi yahitajiwa, hutazama umeme na nafasi, ili ajue ni zipi ziwezazo kuingia. Katika hizo hulinganisha ghala, kisha njia za ghala, kisha viini. Mwisho hutazama bei. Neno asilolijua huuliza, maana kuuliza si ujinga. Na muuzaji asiyetaka kuulizwa huachwa na bidhaa yake.

Maswali

1. Kwa nini kazi ya kuchora picha haikuachiwa prosesa kuu peke yake?
2. Kioo kimoja kina vitone 3,840 kwenda upande na 2,160 kwenda chini. Jumla yake ni ngapi, nayo ni mara ngapi ya kile kioo cha kwanza?
3. RTX 3060 ina njia 192, na kila njia hupitisha gigabiti 15 kwa sekunde. Gigabaiti ngapi hupita katika sekunde moja?
4. Mtu ana kompyuta ambayo kisanduku chake cha umeme hakina waya wa pini 6 wala wa pini 8. Katika kadi za GT 1030 na RTX 3060, ni ipi itakayomfaa? Eleza sababu.
5. Wanunuzi wa GTX 970 walifanya nini hata wakaijua kweli?